Cherehani ya Nyuma ya Pazia

Wifi yake aliligusa godoro kwa ncha ya mguu, si kwa kuumiza, kwa kuamsha tu, akasema, "Mama Vifungo, jiko linahitajika."

Alikuwa macho tangu zamani. Mwanamke anayelala jikoni kwa watu hasubiri kuamshwa, husubiri kuambiwa. Akalikunja godoro, akalisimamisha nyuma ya mlango pamoja na ufagio, kisha akazirudisha sufuria sakafuni, pale pale alipokuwa ameweka kichwa.

"Leo ndiyo leo," wifi alisema huku akipuliza moto. "Kaka yako kaniambia nikuambie usirudi mikono mitupu. Maneno yake hayo, si yangu."

"Nimesikia, wifi."

"Maana wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa wewe jembe tulishakupa, umelima, umevuna, umepalilia tena, na bado upo."

Mama Vifungo akacheka, kwa kuwa maneno yenyewe yalichekesha, na kwa kuwa kucheka kulikuwa sehemu ya kodi.

"Wakikupa nusu ya nyumba utatukumbuka?"

"Nyumba siitaki, wifi. Nataka cherehani."

Wifi akaacha kupuliza. Moshi ukampanda usoni. "Umekaa na mwanamume mpaka nywele zimebadilika rangi, leo unakwenda kuomba cherehani?"

"Nikiwa nayo sitalala jikoni kwa mtu."

Kwenye madai walikuwa wameandika nusu ya nyumba na nusu ya karakana. Yule mzee anayewaandikia watu madai nje ya mahakama alimshauri hivyo. Alisema anayeomba ng'ombe mzima ndiye hupewa kwato. Lakini yeye akifumba macho hakuona nyumba. Aliona cherehani ile nzito ya kushonea ngozi na maturubai, mguu wake wa chuma, gurudumu lake lililochubuka rangi pale mkono wake ulipozoea kulishika. Ukiwa na cherehani ile na kona moja barazani kwa mtu, unaweza kushona viti vya magari, mahema, mabegi ya shule. Unaweza kula.

Karakana ilikuwa ya makochi. Mumewe watu walimwita Fundi, bila jina jingine, kama vile duniani hakukuwa na fundi mwingine. Mwanzoni kabisa walifanya kazi pamoja na mbele za watu. Yeye Fundi akipiga fremu za mbao, mkewe akikata sponji, akishona kitambaa na kulivalisha kochi. Kisha siku moja alikuja mteja, mtu mwenye kitambi na haraka zake, akamkuta mwanamke amepiga magoti na nyundo mkononi, misumari mdomoni. Akadai arudishiwe malipo yake ya awali. Alisema hawezi kukalia kiti kilichopigwa misumari na mpika chai.

Jioni ile Fundi hakula. Mkewe ndiye aliyesema, "Basi tutundike pazia." Ndiye aliyechagua kitambaa chenyewe, akakipinda, akakipitishia kamba. Tangu hapo cherehani ikakaa nyuma ya pazia, na Fundi akakaa mbele, kalamu ya risasi sikioni.

Wateja wakaja kwa wingi. Fundi naye akaanza kuchoka mapema. Kwanza alipunguza kupiga fremu, akazinunua kwa seremala wa jirani zikiwa tayari. Halafu akawa anatoka saa za mchana kwenda kutazama mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa unauzwa kwa glasi. Kazi haikusimama. Kila mteja aliyekuja nyumbani kushukuru, mkewe alimkaribisha kiti, akasema neno lile lile: "Mimi sijui kitu, ndugu yangu. Ni mikono ya baba watoto."

Alilelewa hivyo. Mama yake alimwambia mume ni nguo ya mke, ukimvua yeye, wewe ndiye unayebaki uchi. Na kusema kweli alijisikia raha. Mumewe akisifiwa, ilikuwa kama mtu amepita nyuma yake akamgusa bega. Yeye mwenyewe walimwita Mama Vifungo kwa sababu ya vile vifungo vinavyozama migongoni mwa makochi, alivyoonekana akivivalisha kitambaa mlangoni huku akiongea na majirani. Hilo lilikuwa pambo. Hawakuona lililo nyuma ya pazia.

Halafu Fundi akaleta mwanamke mwingine, mdogo kiumri, mwenye kucheka kwa sauti. Akaomba talaka. Mama Vifungo akatoka na furushi la nguo. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na simu yake ilikuwa ya neno moja tu: "Vumilia, mama."

Shahidi alikuwa mmoja, mkunga mstaafu aliyewahi kununua seti nzima pale karakana. Mtaa mzima ulimheshimu. Watu waliozalishwa naye walikuwa na wajukuu sasa. Mama Vifungo alipokwenda kumwomba, mkunga alimshika mikono miwili.

"Nitakuja, mwanangu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia. Siongezi chumvi, sipunguzi."

"Ndivyo ninavyotaka, mama."

Akarudi moyo umetulia. Alijua mkunga hasemi uongo. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya upole, macho ya mtu aliyekesha na karatasi. Mama Vifungo alipomwona alisema moyoni, huyu atanielewa. Upande wa pili alikaa Fundi, amevaa suti ile aliyovaa harusini mwa binti yao, na wakili wake, kijana mwenye kola safi.

Wakili alisimama kwa adabu. "Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesema kazi yote ya makochi ulikuwa unaifanya wewe."

"Fremu alipiga yeye zamani. Mengine yote mimi."

"Na mtaani wanakuitaje?"

"Mama Vifungo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa navivalisha vifungo vya makochi."

"Vifungo," wakili akasema, akaliacha neno hilo lining'inie. "Mama yangu, watu humwita mtu kwa kile anachokifanya. Mumeo wanamwitaje?"

Ilibidi hakimu amwambie, kwa upole, kwamba anatakiwa kujibu ili karani aandike.

"Wanamwita Fundi."

"Asante, mama yangu. Sina swali jingine kwa sasa."

Akaitwa mkunga. Aliapa kwa sauti ya kusikika hadi nje, akakataa kiti alichopewa, akasimama wima kama alivyosimama miaka yote mbele ya vitanda vya wazazi.

"Hii familia naijua," alisema. "Mama huyu ni mwanamke wa heshima, hamtampata wa pili. Sijawahi kusikia akimsema vibaya mumewe. Makochi yangu yalipoletwa nilikwenda kumshukuru. Nikamwambia, mama, haya ni maajabu. Akaniambia, mimi sijui kitu, ni mikono ya baba watoto. Akaniambia mumewe hakulala siku ile, alikaa na homa yake anashona mpaka alfajiri, ili niyapate kabla ya wageni wangu. Machozi yalinilengalenga. Nikasema, hii ndiyo ndoa."

Mama Vifungo aliangalia sakafu. Aliikumbuka homa ile. Aliikumbuka kwa sababu ilikuwa yake, jasho lilikuwa linadondokea kitambaa akawa anakiinua ili kisipate doa, na Fundi alirudi asubuhi akiwa ameshika ukuta. Baadaye mkunga alipokuja kushukuru, mume akiwa bado amelala na viatu, yeye alimpa mumewe homa ile kama mtu anavyompa mwenzake shuka la kujifunika.

"Kwa hiyo," wakili akauliza, "mama mwenyewe, kwa kinywa chake, alikuambia nani alishona?"

"Mumewe," mkunga akasema, akatabasamu kumwelekea Mama Vifungo, kama kumtia moyo. "Na si mara moja. Kila nilipofika. Alikuwa anajivunia mume wake."

Hakimu akainua uso. "Mama, ni kweli ulimwambia hivyo shahidi wako?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

Wakili akaomba ruhusa ya swali moja, akapewa. "Mama yangu, ulipokuwa unawaambia hivyo wateja, ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unadanganya?"

"Nilikuwa namsitiri."

"Yaani ulidanganya."

"Mke hadanganyi. Anasitiri."

Mtu fulani benchi la nyuma akaguna kwa kicheko. Wakili hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayempa pole. "Sasa na leo, mama yangu, tutajuaje kama unasema kweli au unamsitiri mtu?"

Mama Vifungo akafanya kitu ambacho hakukipanga: akanyoosha mikono mbele, viganja juu. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimepinda na havinyooki tena. Chini ya kidole gumba palikuwa na kovu gumu la sindano iliyopita upande mmoja ikatokea wa pili.

Hakimu aliitazama mikono ile kwa muda. Hakuidharau. "Mikono ya akina mama wote imechoka, mama," alisema. "Irudishe tu."

Fundi hakuulizwa mengi. Alisema mkewe alikuwa akimsaidia pale alipopata nafasi, na kwamba anamshukuru. Alisema bila kumwangalia.

Siku ya hukumu hakimu alisoma taratibu, na mara moja moja alisimama kumweleza Mama Vifungo kwa maneno mepesi. Kiwanja Fundi alikirithi kwa baba yake. Karakana ina jina la Fundi, wateja wanamjua Fundi, na hata shahidi wa mdai anamjua Fundi. Mahakama haina shaka kwamba mdai alikuwa mke mwema, na msaada wake ulikuwa ule wa mke mwema yeyote. Apewe kitanda na vyombo vyote vya jikoni. Apewe pia matunzo kila mwezi, mpaka mahakama itakapoamua vingine.

"Na cherehani, mheshimiwa?" aliuliza. Hakujua kama inaruhusiwa kuuliza.

Hakimu akavua miwani. "Cherehani ni zana ya kazi ya mdaiwa, mama. Nikimnyang'anya fundi cherehani yake, matunzo yako atayatoa wapi?"

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Hata yeye, kwa dakika ile, aliliona neno lenyewe limekaa sawa, akashindwa kuona pa kulishika.

Nje, mkunga alimsubiri chini ya mwavuli wake. "Nimekusaidia, mwanangu? Mimi nilisema mazuri tupu."

"Umenisaidia, mama. Asante."

"Mungu atakulipa. Umeishi vizuri na watu."

Kitanda hakikuingia mlangoni kwa kaka yake, kikauzwa pale pale barabarani kwa mtu wa kwanza aliyesimama. Vyombo vya jikoni viliingia. Sufuria zake zikapangwa juu ya sufuria za wifi, masinia yakaegemezwa ukutani, ndoo ndani ya ndoo, na ilipofika wakati wa kulala hapakuwa na nafasi tena ya kutandika godoro. Akalala ukumbini, kwenye njia ya kwenda chooni. Watoto wa kaka yake walimruka.

"Mahakama imekupa mali," wifi akasema asubuhi, akizungusha sufuria moja mkononi. "Sasa tupike nini humu? Hukumu?"

Mwezi wa kwanza matunzo hayakuja. Alikwenda mahakamani, karani akamwambia asubiri. Mwezi wa pili ulipokuwa ukingoni, Fundi akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni kwa kaka, kalamu ile ile sikioni, amekonda.

"Kuna kazi imeharibika," alisema. Hakukaa. "Nimeajiri mtu, akakata kitambaa cha velveti huku na huku, manyoya mengine yamelala juu, mengine chini. Kochi moja limekuwa kama makochi mawili. Mwenyewe ni mtu mkubwa."

"Pole."

"Njoo unisaidie."

"Kwa malipo?"

"Kwani nimesema bure?" Akajikuna shingo. "Kila seti na malipo yake. Ila pesa yako nitakuwa naiacha kule mahakamani kwa karani, ukachukulie kule. Mimi na wewe tumeachana, tukionekana tunapeana pesa mkononi watu watasema. Na bi mdogo naye ana maneno."

Mama Vifungo alisema atafikiri. Fundi alipoondoka wifi akatokea jikoni, alikuwa amesikia yote.

"Ufikiri nini? Nenda. Tumbo halina talaka."

Akaenda. Pazia lilikuwa lingine, jipya, lenye maua makubwa. Cherehani ilikuwa imekauka, yule mtu wa kuajiriwa hakuwahi kuitia mafuta. Aliitia mafuta, akalizungusha gurudumu kwa mkono mpaka likaacha kulalamika, akakaa. Aliifumua velveti yote, akatafuta vipande vya kuziba, akaikata upya. Mbele ya pazia bi mdogo alikuwa akiwakaribisha wateja na kucheka. Alikuwa na sauti nzuri, wateja walimpenda.

Yule mtu mkubwa alipokuja kuona kochi lake alipitisha kiganja kwenye mgongo wake, na Mama Vifungo aliisikia velveti ikilala upande mmoja, laini, bila kukwama.

"Fundi, wewe una kipaji," mtu yule alisema. "Niliambiwa umeishiwa. Kumbe wivu wa watu."

"Kazi tu, mzee," Fundi akajibu. "Kazi na kutulia nyumbani."

Bi mdogo akacheka.

Alimaliza seti ile, akamaliza na nyingine. Mwisho wa mwezi akaoga, akavaa kanga yake safi, akaenda kwa karani. Njiani alipiga hesabu ya kichwani: malipo ya seti zile, na juu yake matunzo. Angeweza kupanga chumba kidogo. Labda baadaye akanunua cherehani ya mkono wa pili, hata mbovu.

Karani alikuwa akila karanga. Akafuta vidole, akahesabu noti, akazitia kwenye bahasha, akamsukumia.

"Hii ya nini, mwanangu?"

"Matunzo yako. Mzee kaleta mwenyewe. Angalau wako ni mwungwana, wengine hapa tunawakimbiza na polisi."

"Hii ni ya makochi." Aliizungusha ile bahasha mkononi. "Nimemfanyia kazi. Alisema ataacha hapa malipo ya makochi. Matunzo ndiyo nayasubiri."

"Imekuja moja tu, mama."

"Basi ni ya makochi."

"Mimi nimepokea matunzo, nimeandika matunzo." Karani hakuwa mkali. Alivuta kiti chake karibu, kama mtu anayetaka kumsaidia mzazi wake kuvuka barabara. "Huo mkataba wa kazi unao?"

"Hatukuandikiana."

"Kuna aliyekuona ukifanya hiyo kazi?"

"Kuna pazia," akasema.

Karani hakuelewa, akaliruka. "Amri ya mahakama inasema alipe. Amelipa. Pesa haiandikwi juu yake imetoka kwa jasho la nani."

"Na nikiacha kwenda?"

"Kule karakana?"

"Ndiyo. Nikiacha kumshonea."

Karani alitafuna karanga moja, akifikiri kwa haki kabisa. "Hapo atakuja kuomba apunguziwe, atasema kazi zimeanguka, hana uwezo. Hakimu atauliza, ataona ni kweli kazi zimeanguka. Jiwe halikamuliwi, mama." Akaipunguza sauti. "Kama ni mimi, ningeendelea."

Akamwonyesha pa kusaini. Alisaini, polepole, herufi moja moja, kwa vidole vile visivyonyooka.

Alitoka hadi ukumbini na hakuenda zaidi. Kulikuwa na kiti kirefu cha kusubiria, cha ngozi bandia, wamekaa wanawake wengine na bahasha zao, mmoja ananyonyesha, mmoja amelala kichwa kimeegemea ukuta. Wakasogea kumpisha nafasi bila kumtazama. Akakaa.

Kiti kilikuwa kimepasuka pembeni, pale kwenye kona, mahali ambapo fundi mvivu huvuta ngozi kupita kiasi. Sponji ilikuwa inachungulia, chafu. Mkono wake ukaenda wenyewe. Ukairudisha sponji ndani kwa kidole gumba, ukavuta kingo mbili za ngozi zikakutana, ukazibana, ukapima kwa kucha mshono ungeanzia wapi.

"Wewe, mama."

Alikuwa ni askari wa mlangoni.

"Acha kukichokonoa kiti. Hiyo ni mali ya serikali."

Akauondoa mkono, akauweka mapajani juu ya ule mwingine. Kingo za ngozi zikaachana, na sponji ikaanza kutoka tena, taratibu.